Picha za Msiba na Mapenzi Yasiyotangazwa: Mwongozo kwa Mwenye Simu Uvira

Mtu akifa Uvira, picha inayowekwa juu ya jeneza mara nyingi hutolewa kwenye kadi ya mpiga kura. Ndicho kitambulisho ambacho watu wazima wengi wanacho, basi ndugu wanaipeleka labo ya picha, inakuzwa, macho yanabaki na ukungu, na marehemu anawatazama waombolezaji kwa sura ya mtu aliyechoshwa na foleni. Sura hiyohiyo inachapishwa kwenye tisheti za kilio. Sasa kama yuko mtu aliyempenda marehemu bila mahari wala utambulisho, mwanaume aliyempenda mwanaume mwenzake, au mwanamke aliyempenda mwanamke mwenzake, huyo atakaa nyuma chini ya turubai pamoja na marafiki, atachanga kama rafiki na kulia kama rafiki. Picha nzuri ya marehemu, ile anayocheka, imo kwenye simu yake, na hathubutu kuitoa.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo kwanza. Ni wa yeyote pia anayetaka kusimulia maisha yake mwenyewe kwa picha: msiba uliompata, mwili wake, chumba chake, mtu anayelala naye. Hauhitaji kamera kubwa. Simu yenye kamera nzima inatosha, na daftari moja. Kitu kimoja nikiseme mapema kwa sababu kitarudi kila mahali: katika picha za namna hii, kuchagua usichoonyesha ni nusu ya ufundi. Anayedhani kwamba picha ya kweli lazima ionyeshe uso hajazitazama vizuri kazi za waliotutangulia.

Mfano wa karibu zaidi na jambo letu unatoka Afrika Kusini. Zanele Muholi, aliyezaliwa Umlazi mwaka 1972, alianza miaka ya 2000 kupiga picha za wanawake weusi waliobakwa au kupigwa kwa sababu ya kupenda wanawake wenzao. Katika kazi hizo za mwanzo nyuso nyingi hazionekani. Unaona paja lenye kovu, mikono, au kitambaa kilichofungwa kifuani. Baadaye, kuanzia 2006, alikuja na mfululizo wa sura kamili, watu wakiitazama kamera moja kwa moja, kila mmoja akiwa ameridhia. Zinapotundikwa ukutani, nafasi kadhaa huachwa wazi kwa ajili ya waliokufa na wale ambao bado hawajapigwa. Mama yake, Bester, aliyefanya kazi za nyumbani kwa Wazungu, alifariki 2009. Muholi alimlilia kwa kujipiga picha mwenyewe: katika moja ya mwaka 2015 amejipamba kichwani na masikioni kwa vibanio vya kuanikia nguo, kama malkia aliyetengenezewa taji na kazi ya mama yake. Hapo msiba, mwili na mapenzi vimekaa katika picha moja, na hakuna jeneza wala chozi.

Nimemtaja Muholi kwa sababu ya pili pia, isiyo ya kisanaa. Aprili 2012 wezi waliingia nyumbani kwake Cape Town wakaondoka na diski zaidi ya 20, zenye kazi ya miaka kadhaa. Nakala za akiba zilikuwa mlemle ndani ya nyumba. Nitairudia habari hiyo.

Kabla ya kupiga, andika kwenye daftari nani ataona. Usiandike "watu". Andika: mimi peke yangu; au mimi na yeye; au mimi, yeye na dada yangu anayejua; au yeyote. Picha iliyopigwa kwa ajili ya macho yako tu inaweza kuwa na kila kitu, ilimradi isitoke. Picha ya "yeyote" inapaswa kupigwa tangu mwanzo kama picha ya yeyote, kwa sababu kuficha uso baadaye kwa programu ni kazi ya haraka inayosahaulika. Wengi hupatwa na balaa kwa kupiga picha ya macho mawili, kisha miezi sita baadaye, kwa upweke au kwa hasira, kuitupa mahali pa macho elfu.

Mwanga wa Uvira una tabia yake, na ukiijua utaokoa muda. Mji umebanwa kati ya ziwa na milima ya Mitumba. Jua linachomoza upande wa Burundi, linavuka maji, linaingia moja kwa moja kwenye milango na madirisha yanayotazama ziwa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi chumba cha upande huo kinajaa mwanga wa chini, mlalo, unaoonyesha kila mkunjo wa shuka. Jioni mambo hugeuka: jua linajificha nyuma ya milima kabla halijazama kweli, mji wote unaingia kivulini huku anga bado ni jeupe, na kivuli hicho laini kinadumu. Kwa ngozi nyeusi huo ndio wakati bora kuliko wote. Hakuna mng'ao kwenye paji la uso wala shimo jeusi chini ya macho. Mchana wa saa sita chini ya mabati, achana nao.

Simu ina kasoro yake. Ukimsimamisha mtu mbele ya ziwa, inapima mwanga wa maji na anga, naye anageuka kivuli cheusi. Ukitaka sura yake, gusa uso kwenye kioo, kisha buruta kidole juu mpaka ngozi ionekane. Ukitaka kumficha, usiguse kitu. Umbo jeusi la watu wawili wanaosimama kwa karibu ufukweni, ndagala zikiwa zimeanikwa mchangani nyuma yao, linasema yote unayotaka kusema, na hakuna atakayewataja majina.

Lakini tahadhari, maana uso si alama pekee. Kwetu kikwembe kinatambulika kabla ya mwenye nacho: majirani wanajua nani alishona kile chenye ndege kwa ajili ya harusi ya nani. Vivyo hivyo pete, kovu, tatuu, malapa yaliyofungwa waya, pazia, kalenda ya kanisa ukutani, mlima unaoonekana dirishani na kuitaja hata avenyu. Piga picha moja ya majaribio, ikuze kwenye kioo, na uipitie kona hadi kona ukijiuliza shangazi yako angetambua nini. Shangazi ni mpelelezi mzuri kuliko polisi.

Piga nini basi? Anza na vitu. Sahani mbili zenye masalio ya ugali na mukeke. Shati la marehemu lililobaki kwenye msumari. Godoro lenye bonde upande mmoja. Ujumbe wa mwisho kwenye simu, jina likiwa limefunikwa kwa kidole gumba. Kisha nenda kwenye mwili wako: mgongo, kisogo, nyayo, mkono ulioshika mkono usioonyeshwa ni wa nani. Rotimi Fani-Kayode, aliyezaliwa Lagos 1955 na kukulia Uingereza baada ya familia yake kuikimbia Nigeria, alipiga miili ya wanaume weusi wakiwa na vinyago na manyoya, akichota kwenye ibada za Kiyoruba alizoziacha utotoni. Alikufa London Desemba 1989, akiwa na miaka 34 tu. Picha zake haziombi ruhusa kwa mtu, na bado kinyago kinawapa waliomo mahali pa kusimama.

Kujipiga mwenyewe nako kuna historia katika Afrika ya kati. Samuel Fosso alifungua studio Bangui mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Mkanda ulipobaki na picha chache baada ya wateja, alijipiga yeye mwenyewe usiku, amevaa suruali pana na miwani, na nyingine akamtumia bibi yake Nigeria ajue kwamba mjukuu yu hai. Utotoni hakupigwa picha kwa sababu alizaliwa na udhaifu wa viungo. Ukiegemeza simu juu ya bidoo la maji na kuweka kipima muda cha sekunde kumi, unafanya kazi ileile. Panga kwanza mahali utakaposimama, weka kiti pale, gusa kiti kwenye kioo ili simu ilenge, kisha kiondoe na usimame wewe.

Kwa mwenye msiba ipo njia nyingine ninayoipenda kuliko zote. Lebohang Kganye wa Johannesburg alifiwa na mama yake 2010. Alitafuta nguo za mama kabatini, akatafuta picha za zamani za mama akiwa kijana, akaenda palepale, akavaa nguo zilezile na kusimama vilevile. Kisha alizilaza picha mbili pamoja: mama na binti, mmoja kama kivuli cha mwenzake. Kazi hiyo ya 2013 unaweza kuifanya kwa simu. Programu ya Snapseed haina malipo, inafanya kazi bila intaneti ukishaipakua, na ina sehemu ya kuunganisha picha mbili. Piga nakala ya picha ya zamani kivulini, simu ikiwa sambamba nayo isizae mng'ao. Nenda mahali ilipopigwa ikiwa pangalipo. Vaa. Simama. Aliyempoteza mpenzi na hana haki ya kuomba albamu kwa familia, aombe kwa heshima ya rafiki: "Mama, nisamehe kukusumbua. Ile foto yake ya shule, naomba niipige tu na simu, hata sitaitoa ndani." Mama wengi hukubali, na wengine huanza kusimulia. Hapo weka simu chini usikilize.

Tatizo ni kwamba nyumba nyingi hazina tena albamu. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabomoa maelfu ya nyumba, na baada ya hapo ziwa lenyewe likapanda na kula mitaa ya ufukweni. Makaratasi yalikwenda na maji. Kama kwenu picha zimelowa, leo au mvua zijazo, usizianike juani wala usizibandue zikiwa zimeanza kukauka, maana rangi inabaki kwenye picha ya pili. Ziloweshe tena katika beseni la maji safi ya baridi, zitenganishe taratibu humo majini, suuza matope bila kusugua upande wa picha, zilaze chali kivulini penye hewa juu ya kitambaa safi. Fanya hivyo ndani ya siku mbili, kabla ya ukungu. Picha zilizotolewa na printa ya wino usizitie majini kabisa, kausha tu. Usipokuwa na muda, piga kila moja kwa simu ingali mbichi. Katika mji wa Yamamoto, Japani, baada ya tsunami ya 2011, watu wa kujitolea walisafisha mamia ya maelfu ya picha zilizookotwa kwenye tope, nyingine zimebaki madoa ya rangi na sikio moja. Waliofiwa walizichukua hata hizo.

Ridhaa. Sura ya mwenzako si mali yako hata kama mnalala kitanda kimoja. Muulize kabla, na muulize tena kila picha inapohamia kwenye macho mengine. Maneno ni mepesi: "Hii inabaki kwangu. Ukisema niifute, naifuta mbele yako." Kisha mkiachana ifute kweli, na usisahau kapu la takataka la simu, ambalo hutunza zilizofutwa kwa wiki kadhaa. Marehemu hawezi kuulizwa. Mimi huamua hivi: alichokificha akiwa hai kinabaki kimefichwa, hata kama kaburi limeshaota nyasi, kwa sababu mama yake na wadogo zake bado wanaishi mtaani. Na mtu wa chini ya miaka 18 asiingie kabisa katika picha za mwili. Hapo hakuna sanaa, ni jinai.

Sasa usalama, na hapa sina haraka. Mahali picha zinapovujia Uvira si hasa kwenye intaneti. Zinavujia kwenye kibanda cha kuchajia simu umeme ukikatika, simu ikishinda mezani kwa mtu mwingine. Zinavujia kwa fundi anayebadilisha kioo na kukuomba namba ya siri "ajaribu tu". Zinavujia kwenye duka la kuchapisha, ambako unatoa fleshi, kijana ananakili folda nzima kwenye kompyuta, na zinakaa pale mpaka mashine ife. Zinavujia kwa mdogo wako anayeomba simu acheze gemu. Kwa hiyo: weka picha hizi ndani ya folda yenye kufuli yake, tofauti na kufuli ya simu. Programu ya Files ya Google inayo, na simu nyingi za Samsung zina yake. Namba ya kufuli isiwe mwaka wa kuzaliwa. Ukienda kuchapisha, peleka fleshi yenye picha tatu unazotaka na si nyingine, simama nyuma ya kijana, na umwombe azifute huku unaona. Hata bora, chapisha zile za vitu na vivuli, na zenye nyuso zibaki kwenye kioo.

WhatsApp huhifadhi picha zinazoingia kwenye galari bila kukuuliza. Zima hilo kwenye mipangilio, wewe na unayemtumia. Picha ya kutazamwa mara moja haizuii mtu kuipiga kwa simu nyingine. Simu pia huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, kwa vipimo vinavyofika hadi nyumba. Zima alama ya mahali kwenye mipangilio ya kamera. Ukitaka kufunika uso, chora doa jeusi lisilopenyeka. Ukungu na miraba midogo hupendeza zaidi, lakini mara nyingine hufunuliwa.

Nakala ya akiba isikae nyumba moja na ya kwanza. Kumbuka wezi wa Cape Town. Memori kadi ndogo kwa mtu unayemwamini mji mwingine, au akaunti ya mtandaoni yenye nywila ndefu na isiyo na jina lako. Fosso naye, Februari 2014, nyumba yake ya Bangui iliporwa wakati wa vita, na negativu zake zikatupwa nje. Sehemu kubwa iliokolewa na waandishi wa habari waliokuwa wakipita. Wewe usitegemee wapita njia.

Sheria inabadilika ukivuka mpaka, na watu wa mpakani wanapaswa kulijua hili kama wanavyojua bei ya faranga. Kongo haina kifungu kinachotaja mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa. Katiba ya 2006, ibara ya 40, inatambua ndoa na mtu wa jinsia nyingine tu, na ibara ya 31 inalinda maisha ya faragha. Lakini kifungu cha 176 cha kanuni ya adhabu, kinachohusu kuchafua maadili mbele ya watu, kimetumika kuwakamata watu wa aina hii, na picha iliyotundikwa hadharani inaweza kuvutwa humo. Burundi ni habari nyingine: tangu Aprili 2009 sheria inaadhibu uhusiano huo kwa kifungo cha miezi mitatu hadi miaka miwili. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, sheria ya Tanzania inafika kifungo cha maisha. Desemba 2025, waasi wa M23 walipoingia Uvira, makumi ya maelfu walivuka kwenda Burundi, simu mkononi. Anayevuka mpaka wa Kavimvira kwa dharura hana muda wa kuchagua picha za kufuta. Ndiyo maana zile nzito zisikae kwenye simu ya kila siku hata kidogo. Zihamishe kila wiki, na simu ibaki na picha za ndagala na ubatizo. Kwenye kizuizi cha barabarani, mwenye silaha anayeomba simu hahitaji karatasi ya hakimu.

Usipige picha bandari ya Kalundu, madaraja, mpaka wala askari. Hilo halina uhusiano na mapenzi yako, lakini simu ikishachukuliwa kwa sababu hiyo, itafunguliwa yote.

Kuhusu moyo. Kazi hii inafukua. Siku nyingine utatazama picha ya shati kwenye msumari na kulia vizuri, upate usingizi. Siku nyingine hutakula. Ukiona unarudia picha moja usiku kucha kwa siku nyingi, au unatamani kumfuata marehemu, weka simu kando na utafute mtu leo, usingoje kesho. Baadhi ya vituo vya afya vina wahudumu wa kisaikolojia na kijamii, wanaoitwa APS. Si lazima umtajie jinsia ya uliyempoteza. "Nimefiwa na mtu wangu" inatosha kuanzia. Bukavu limekuwepo shirika la Rainbow Sunrise Mapambazuko linalotetea watu wa mapenzi ya jinsia moja. Wasiliana kwanza kupitia mtu mnayemwamini wote wawili, usijitokeze mlangoni.

Limebaki swali la mwisho, nalo ni la siku yako wewe. Ukifa, simu yako itafunguliwa na ndugu wanaotafuta namba za kupigia na pesa za M-Pesa au Airtel. Mwambie mtu mmoja folda iko wapi na nini kifanyike: ifutwe, impelekee nani, isubiri miaka mingapi. Kama picha ziko kwenye akaunti ya Google, kwenye mipangilio kuna sehemu ya akaunti isiyotumika: unachagua isubiri miezi mitatu, sita, 12 au 18 bila wewe kuingia, kisha ijifute yenyewe, au iwape ufikivu watu uliowataja. Inachukua dakika chache kuijaza. Na humohumo kwenye folda weka picha moja ya uso wako uliyoichagua mwenyewe, safi, ya mwanga wa jioni, na umtumie nakala dada au rafiki sasa hivi, ili siku ya kilio wasiende labo na kadi ya mpiga kura.